Simu Kwenye Sikio la Jiwe

Mhudumu wa chumba cha maiti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti ya chini, na aliwapa viti kabla ya kuwapa jibu. Lakini jibu lenyewe halikulainika kwa sababu ya viti. Bila kibali chenye muhuri haingii mtu kuona mwili, awe mke, awe ndugu, awe nani. Na afisa mwenye muhuri alikuwa safarini. Angerudi kesho.

Mpishi aliwatafsiria maneno hayo taratibu, mengine akiyameza. Alikuwa akiishi chumba kimoja na marehemu tangu wote wawili walipoingia mji ule kutafuta maisha, yeye jikoni kwenye hoteli, mwenzake fundi wa lifti. Yeye ndiye aliyepiga simu nyumbani kusema Fundi ameanguka kazini, akapiga tena baadaye kusema hakuinuka.

"Yaani tumepanda ndege usiku kucha tuje kuambiwa kesho?" alisema Bonge, mdogo wake marehemu. Bonge alikuwa na bucha kwao, na kila alichokuwa nacho kilikuwa kikubwa: mabega, sauti, kicheko, na sasa huzuni. "Mwambie tumetoka mbali."

"Anajua. Nimeshamwambia mpaka nimechoka."

Mama Pacha, mke wa marehemu, alikuwa akiutazama mlango wa chuma mwishoni mwa korido. Mume wake alikuwa nyuma ya mlango ule, karibu kuliko alivyopata kuwa tangu aondoke. Aliondoka pacha wakiwa wanatambaa. Sasa walikuwa wakijiandikia majina yao wenyewe kwenye madaftari. Katikati hapo kurudi kwake kulikuwa mwakani, na mwakani ikifika, inakuwa tena mwakani.

Alikumbuka mkono wa mama mkwe ulivyomshika siku ya safari. Mama mkwe asingeweza kusafiri, miguu yake ilikuwa imevimba. Alimvuta mkwewe pembeni, mbali na waombolezaji waliojaa uani, akamwambia, "Ukifika kwake, nipigie mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Uniweke karibu naye. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Walirudi chumbani kwa Mpishi. Kilikuwa chumba cha vitanda viwili, jiko dogo la umeme na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Kitanda kimoja kilikuwa kimetandikwa vizuri mno. Mkanda wa vifaa wa Fundi ulining'inia msumarini juu yake, bisibisi zimepangwa kwa urefu. Hakuna aliyekaa kwenye kitanda kile. Bonge na Mama Pacha walikaa kwenye kitanda cha Mpishi kama abiria, na Mpishi akasimama akichemsha chai ambayo hakuna aliyekuwa na hamu nayo.

Bonge alianza kulia, akanyamaza, akaanza tena. Hatimaye Mpishi aliweka kikombe chini.

"Shemeji, leo nimeomba ruhusa kazini. Tukikaa humu tutatazamana mpaka tuugue. Twendeni niwaonyeshe mji."

"Kutembea?" Mama Pacha alimkazia macho. "Mimi nimekuja kuchukua maiti. Sikuja kutalii."

"Najua, shemeji."

"Watu nyumbani wamelala chini, hawali, mimi nikapige picha?"

"Kwani nani amesema picha?" Bonge alipangusa uso kwa kiganja. "Mimi humu ndani napasuka, shemeji. Huo mkanda unaniangalia."

Mama Pacha aliinua macho akautazama ule mkanda, kisha akashuka na macho mpaka kwenye mto, ambao bado ulikuwa na bonde dogo katikati. Akasimama, akajifunga mtandio. Baadaye, kila alipotafuta kosa lake lilianzia wapi, alianzia hapo, kwenye kule kujifunga mtandio bila kubishana zaidi.

Walianza na kasri. Lilikuwa la wafalme wa zamani wa nchi ile, nalo sasa liliachiwa watalii na njiwa. Mlangoni kila mtu alipewa vifuko vya kitambaa kuvalia juu ya viatu, ili sakafu isichubuke. Vifuko vilivyomwenea Bonge havikuwepo. Alibana vidole vya mguu ndani ya viwili vilivyopatikana, akaingia akinyata.

Ukumbi wa kwanza ulikuwa na dari lililochorwa mawingu na watu wanono wakielea. Wa pili ulikuwa na kiti cha enzi. Wa tatu ulikuwa na kitanda cha mfalme, cha mbao za kuchonga, chenye mapazia mazito mekundu. Kilikuwa kifupi.

"Huyu mfalme alikuwa mtoto?" aliuliza Bonge.

"Mtu mzima kabisa," alisema Mpishi. "Wanasema walikuwa wanalala wameketi. Ukilala chali unafanana na maiti, inaleta nuksi."

Neno hilo lilipomponyoka, Mpishi alijishika mdomo. Bonge, ili kumsaidia, akageuka haraka kama mtu aliyeona kitu cha kuvutia upande wa pili. Sakafu ilikuwa imepigwa nta. Vifuko viliteleza, mguu wa kulia ukaenda kwake na wa kushoto kwake, na mwenye bucha akashuka taratibu kama jengo linalobomolewa kwa ustadi, mikono hewani, mpaka makalio yakafika chini kwa kishindo kilichotikisa vioo. Bibi mmoja mtalii akapiga yowe. Mlinzi akaja mbio. Bonge, akiwa amekaa pale pale chini, akamwambia mlinzi kwa lugha ya kwao, kwa heshima zote, "Samahani, bwana mkubwa. Nilikuwa napima nyumba."

Mama Pacha alicheka. Kicheko kilitoka kabla hajajua kinatoka, kikubwa, cha tumboni, kikagonga dari lenye mawingu kikarudi. Alijishika mbavu. Machozi yalimtoka, na kwa mara ya kwanza tangu simu ile ya Mpishi hayakuwa ya uchungu. Ndipo alipoisikia sauti yake mwenyewe ukumbini, akaifunga ghafla kwa mtandio.

"Mungu nisamehe," alisema ndani ya kitambaa.

"Cheka tu, shemeji," Bonge alisema akijiinua kwa kushika ukuta. "Yeye angekuwepo angezirai kwa kicheko."

"Usimtaje."

Kutoka hapo walipanda mnara wa saa. Ngazi zake zilizunguka mpaka kichwa kikazunguka nazo, na Bonge alipumzika kila dirisha. Lakini juu kulikuwa na upepo mwanana, na mji wote ulitandazwa chini yao: paa za vigae vyekundu, mto uliokunja kona kama mkanda, madaraja, miti iliyopangwa mistari kando ya barabara. Mama Pacha alishika uzio wa chuma. Hakuwa amepata kuona kitu kizuri namna ile kwa macho yake mwenyewe, na hilo lilimchoma.

"Alikuwa akiniambia hapa hakuna kitu," alisema. "Kila nikimuuliza mji ukoje, jibu ni moja: mji wenyewe mbaya, moshi mtupu, ni kazi na kulala."

Mpishi alikuna shingo. "Alikuwa anapanda hapa karibu kila siku ya mapumziko."

"Fundi?"

"Huyo huyo. Anakaa pale kwenye lile benchi na machungwa yake. Nilimwambia, mpigie shemeji umwonyeshe. Akasema, nikimwonyesha atadhani ninastarehe. Yeye anashona sare za shule mpaka macho yanamuuma, anawatunza watoto na mama, halafu mimi nimwonyeshe mandhari? Alikuwa anaona aibu."

Mama Pacha alilitazama benchi. Hasira ilimpanda, kisha ikakosa mahali pa kukaa. Angemgombeza nani? Alikaa kwenye benchi lile, na Mpishi, aliyekuwa amebeba machungwa mfukoni bila kusema, akampa moja. Alilimenya. Lilikuwa tamu. Alilila lote, akaramba vidole, akaomba jingine. Mpishi akamwonyesha kwa kidole jengo la vioo vya buluu, akamwambia lifti za pale zote zimepita mikononi mwa Fundi. Akamwonyesha na hospitali kule ng'ambo ya mto. Kwa muda ule juu ya mnara alijisikia amekaa na mume wake, na alikuwa na furaha. Baadaye hakuweza kuipa jina jingine. Ilikuwa furaha.

Simu yake ilitetemeka mkobani. Aliitoa, akaona ni mama mkwe, akairudisha ndani. Upepo ulikuwa unavuma, watoto wa watalii walikuwa wakipiga kelele. Angempigia wakishuka, mahali pakiwa na utulivu. Waliposhuka, Mpishi akasema makumbusho yanafungwa mapema, tuharakishe, na Mama Pacha akaharakisha nao.

Makumbusho yalikuwa na baridi na giza la makusudi, taa ndogo ndogo zikimulika vitu tu, si watu. Bonge alikwama kwenye chumba cha silaha, akibishana na Mpishi kuhusu kisu gani kingefaa kuchambua mbavu za ng'ombe. Mama Pacha alitangulia peke yake mpaka chumba cha mwisho, ambako hapakuwa na mtu. Katikati, nyuma ya kamba nyekundu, alilala mtu wa jiwe. Alikuwa bwana fulani wa zamani, amechongwa juu ya kaburi lake, chali, viganja vimekutanishwa kifuani, miguu imelala sawa. Pua ilikuwa imevunjika. Nywele zilichongwa uzi kwa uzi, na sikio lilionekana lote, na ndewe yake.

Simu ikatetemeka tena. Safari hii aliipokea.

"Mama."

"Napiga tangu asubuhi, mwanangu." Mama mkwe alizungumza kwenye simu kama wanavyozungumza watu wa umri wake, kwa nguvu, kana kwamba maneno yanalazimika kwenda kwa miguu. "Mmefika kwake?"

Ilikuwa rahisi kusema hapana. Hapana, mama, wametuambia kesho. Lakini baada ya hapana lingekuja swali jingine: sasa mko wapi? Na Mama Pacha bado alikuwa na harufu ya machungwa vidoleni.

"Tumefika, mama," alisema.

"Uko naye?"

Alimtazama mtu wa jiwe. "Niko naye."

Kule upande wa pili ilisikika pumzi ndefu. "Yukoje?"

"Ametulia."

"Haya. Niwekee simu sikioni mwake. Wewe usisikilize. Nina neno naye."

"Mama..."

"Niwekee, Mama Pacha. Nakuomba."

Hakuwahi kuombwa na mama mkwe. Alikuwa ameagizwa, amekaripiwa, amesifiwa mara moja moja kwa kona ya mdomo, lakini kuombwa hapana. Angeweza kuishika simu hewani na kusubiri. Angeweza kuizima na kusingizia mtandao. Lakini maneno ya mama kwa mtoto wake wa kwanza hayawezi kumwagwa hewani hivi hivi, hivyo ndivyo alivyofikiri wakati ule, kama kulikuwa na kufikiri. Aliinama juu ya kamba nyekundu, akanyoosha mkono, akaiegemeza simu kwenye sikio la jiwe.

Aligeuza uso pembeni asisikie. Akasikia. Chumba kilikuwa kimya na mama mkwe alikuwa akipaza sauti.

"Kijiti. Kijiti changu. Ni mimi."

Mama Pacha hakuwa amepata kulisikia jina hilo. Mumewe alikuwa mtu wa mwili; huenda alikuwa mwembamba utotoni.

"Siku ile unaondoka uligonga mlango wangu. Uligonga ukaita, mama, mama, naondoka. Wakakwambia mwache, amelala. Sikuwa nimelala, Kijiti. Nilikuwa nimekaa kitandani na viatu miguuni. Nilikuwa na hasira na wewe kwa kuacha watoto wadogo, nikasema, wacha aondoke hivyo hivyo, atajifunza. Nilikusikia mpaka uliposhuka ngazi. Kila ulipopiga simu nilitaka kukwambia, nikaona aibu, nikasema akija nitamwambia uso kwa uso. Sasa umeona. Nisamehe, baba. Nilikuwa macho. Nilikuwa..."

Kelele zikamkata. Mlinzi wa makumbusho alikuwa mlangoni, amenyoosha kidole, anafoka kwa lugha yake. Alikuja kwa kasi, akamshika Mama Pacha kiwiko, akamvuta kutoka kwenye kamba. Simu ikabaki mkononi, bado hewani.

"Nani huyo?" sauti ya mama mkwe iliuliza. "Nani anafoka kwa mwanangu?"

Mama Pacha alileta simu mdomoni. "Ni mhudumu, mama. Anasema muda umekwisha."

"Hakuniruhusu nimalize."

"Ndiyo, mama."

"Alinisikia lakini? Unadhani alinisikia?"

"Alikusikia, mama," alisema Mama Pacha, na, mlinzi akiwa bado amemshika kiwiko, akakaa chini sakafuni, akashindwa kuinuka.

Bonge na Mpishi walimkuta hapo. Mlinzi, ambaye sasa alikuwa na hofu kuliko hasira, alikuwa amemletea maji. Mpishi alimweleza mlinzi jambo, mlinzi akavua kofia. Hawakuona tena kitu kingine siku ile. Njiani kurudi Mama Pacha aliwasimulia yote, isipokuwa maneno yenyewe ya mama mkwe, ambayo aliona si yake kuyagawa.

"Mama asijue," alisema Bonge. Uso wake mpana ulikuwa umesinyaa. "Shemeji, naapa, mama asijue. Amesema, amepumua, imetosha. Ukimwambia ilikuwa sanamu utamuua."

"Nilimdanganya akiwa anaungama."

"Sasa utafanyaje? Utarudisha siku?"

"Nilikuwa nimeshiba machungwa, shemeji. Kaka yako yuko kwenye baridi, mama yako anapiga simu tangu asubuhi, mimi niko juu ya mnara naomba chungwa la pili."

Mpishi ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Kosa ni langu mimi niliyewatoa," na Mama Pacha akatikisa kichwa. Hakutaka kugawana kosa lile na mtu. Alitaka libaki zima, aweze kuliona.

Asubuhi afisa alikuja, muhuri ukagongwa, na mlango wa chuma ukafunguliwa. Waliingia wote watatu. Bonge aliweza kusimama hapo kwa kitambo kidogo tu, akatoka akijikongoja, Mpishi akamfuata kumshika. Mama Pacha alibaki na mume wake.

Alikuwa amezeeka. Hilo ndilo lililomshtua, zaidi ya kifo chenyewe. Kwenye simu za video, kwa taa hafifu ya chumba alichoishi na Mpishi, hakuwa ameona mvi zilivyopanda masikioni, wala ndevu alizofuga, wala mikunjo miwili kando ya mdomo. Alikuwa amepungua mwili kweli kweli. Mama Pacha alimgusa paji la uso, akampa salamu za watoto, mmoja baada ya mwingine. Kisha akatoa simu.

Mhudumu aliangalia pembeni, akamwacha.

"Mama," alisema simu ilipopokelewa. "Jana nilikudanganya. Jana sikuwa kwa mwanao. Walitukatalia, wakasema kesho, na mimi nikaenda kutembea mjini. Uliponipigia nilikuwa kwenye makumbusho. Sikio nililoliwekea simu lilikuwa la sanamu. Leo ndiyo niko naye, mama. Yuko hapa mbele yangu. Sema tena, mimi nitatoka nje, naapa nitatoka."

Alisubiri. Alisikia jogoo wa nyumbani akiwika kule upande wa pili, na mtu akisukuma ndoo.

"Ulisikia niliyosema," mama mkwe alisema hatimaye. Haikuwa swali.

"Nilisikia."

"Sanamu."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nililia mbele ya sanamu. Maneno yale niliyatafuta miaka. Unadhani yako kabatini, nikufungulie nikutolee mengine?"

Simu ilikatika. Mama Pacha alipiga tena, haikupokelewa. Mhudumu alikohoa kidogo mlangoni.

Akainama karibu na mume wake. Hakujua kama ana haki hiyo. Alisema kwa sauti ya chini, haraka, kama anayeiba: "Mama anasema siku unaondoka hakuwa amelala. Alikuwa amekaa kitandani na viatu miguuni. Alikusikia. Anaomba umsamehe." Akafikiri. "Amekuita Kijiti." Kisha akaongeza yake mwenyewe, na hayo hakuyasimulia kwa mtu yeyote.

Sanduku lilifungwa kule kule kwa madini ya risasi na muhuri wa lakiri, na masharti yalikuwa lisifunguliwe tena popote. Walisafiri nalo, wakazika. Watu walikuja kwa wingi na wakaondoka kwa wingi. Siku zote zile mama mkwe hakumfukuza Mama Pacha wala hakumsema kwa mtu. Alikula alichopika, akajibu salamu, akawapokea waombolezaji akiwa amekaa naye mkeka mmoja. Lakini hakumwangalia. Bonge alijaribu siku moja kuleta mzaha, akaanza kusimulia alivyoteleza kwenye kasri, na mama yake akanyanyuka akaingia ndani.

Mama Pacha alirudi kwenye cherehani, maana msiba hauwasubirishi wanafunzi wanaofungua shule. Alishona sare na alishona na mawazo. Alijiuliza kama alikiri kwa ajili ya mama mkwe au kwa ajili yake mwenyewe, ili autue mzigo kwenye mabega ya mwingine. Bonge alikuwa amemwonya. Kuna siku aliona Bonge alikuwa sahihi. Kuna siku aliona hapana. Kilichomsumbua zaidi ni kwamba mara nyingine, mguu ukiwa kwenye pedali, aliuona ule mji kutoka juu, paa nyekundu na mto, na moyo ulimruka kwa raha kabla hajaukamata.

Mchana mmoja mama mkwe aliingia chumba cha kushonea. Alivuta kigoda, akakaa kwa kuishika miguu yake mmoja mmoja, akachukua shati lililomalizika kwenye rundo na sindano kwenye kikopo chake. Akaanza kushona kifungo. Mama Pacha alisimamisha cherehani.

"Endelea," mama mkwe alisema. "Huwezi kusikia huku unafanya kazi?"

Pedali ikaendelea, taratibu.

"Sikukasirika kwa kutembea kwako. Mtu hawezi kukaa anatazama ukuta. Nilikasirika kwa sababu siku ile, nilipoweka simu chini, nilihisi amenisikia. Nililala usingizi. Usiku mmoja tu, lakini nililala. Kesho yake asubuhi ukaja ukaninyang'anya."

Mama Pacha alifungua mdomo.

"Usiniombe msamaha. Umeshaniomba kwa macho mpaka nimechoka kukupita kwenye mlango. Nataka unijibu. Ulicheka huko?"

Uongo ulikuwepo, karibu, umeshonwa tayari.

"Nilicheka, mama. Bonge alianguka, nikacheka. Nikala machungwa. Kuna mahali alikuwa anapenda kukaa, juu ya mnara, nikakaa hapo, nikafurahi."

"Ulifurahi."

"Ndiyo."

Mama mkwe alikata uzi kwa meno. Alitazama kifungo, akakivuta kuona kama kimekamata.

"Sanduku hawakunifungulia," alisema. "Wewe umemwona. Bonge nilimuuliza, anasema alikuwa mzuri, alikuwa kama siku zote. Bonge muongo tangu utoto. Wewe niambie. Alikuwa na sura gani?"

Mama Pacha aliinua mguu kwenye pedali. Alijua ni nini mama yeyote angependa kusikia, na alimtazama mwanamke yule, na vidole vyake vilivyovimba vikishika sindano, akamwonea huruma kiasi cha kutamani kusema uongo mmoja tu zaidi.

"Alikuwa amekonda, mama," alisema. "Amekonda sana. Mvi zimeanzia hapa masikioni zimepanda juu. Amefuga ndevu, hazikumpendeza. Na hapa, kando ya mdomo, alikuwa na mikunjo miwili. Kama yako."

Mama mkwe aliweka sindano mapajani. Aligusa pembe za mdomo wake, upande mmoja, kisha wa pili, na mkono ukabaki hapo.

"Kumbe alikonda," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ndevu ndefu?"

"Za wastani."

"Baba yake naye zilimkataa." Machozi yalimshuka bila yeye kuyafuta. Kisha akanyoosha mkono, akavuta shati jingine kutoka kwenye rundo, akatafuta tundu la sindano kwenye mwanga wa dirisha, akalikosa, akalikosa tena. Mama Pacha aliinuka, akamtilia uzi.

"Na huo mnara," mama mkwe alisema akiipokea sindano, bado hajamwangalia. "Una ngazi nyingi?"

"Nyingi sana, mama."

"Na yeye alikuwa akizipanda?"

"Alikuwa akizipanda."

"Haya. Anza chini. Unisimulie."

Mama Pacha alikaa, akaanza kumsimulia.